Kichwa cha Kuhe Dume

Baraka, 12 Mei 1957

Kwa Florentine, mke wa Nasoro, Kazimia.

Zile salamu ndefu nilizokuwa nikiwafundisha watoto shuleni nitaziruka, maana pumzi yangu siku hizi ni ya kubana matumizi. Miguu imevimba mpaka magotini. Moyo unakimbia hata nikiwa nimeketi. Muuguzi wa dispensari alinipa vidonge huku akitazama dirishani, na mtu aliyewahi kuwaambia wazazi kwamba mtoto wao ameshindwa mtihani anajua maana ya kutazama dirishani.

Sikuandikii kwa kupenda. Padri alikuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Akaniuliza kama nimewasamehe watu wote. Nikamjibu: wote, isipokuwa dada yangu na mvuvi wake. Akakirudisha kichupa mfukoni, akasema, "Mwalimu, andika kwanza." Basi naandika.

Kosa lenu mnalijua, lakini nitalitaja ili msijifanye mmesahau. Kwetu sisi wa ufuo huu, mwanamume anayeoa huleta kuhe wawili, wale samaki wakubwa wa ziwani, dume na jike, waliovuliwa kwenye kiota kimoja, wazima na vichwa vyao. Bibi arusi huwapika katika chungu kimoja. Kichwa cha jike hupewa mama yake. Kichwa cha dume hupewa yaya wake, kaka mkubwa. Baba yetu alikwisha kufa, na yaya ni mimi. Nilifunua chungu mbele ya wazee, makatekista upande wangu, wenye kanzu upande wa Nasoro. Jike alikuwa na kichwa. Dume alikuwa ameishia shingoni.

Kila aliyekuwa pale alijua jambo hilo linasema nini: mwanamke huyu hana yaya. Niambiwe hivyo ndani ya nyumba yangu, na samaki!

Nikakisukuma chungu, nanyi mkatoka. Watu walisema niliwafukuza kwa sababu Nasoro ni Mwislamu. Uongo. Niliwafukuza kwa sababu ya kichwa.

Sasa nataka uje useme mbele yangu, "Tulikosa." Hilo tu. Nami nitasema nimesamehe, na padri atatoa kichupa chake. Usikawie.

Yaya wako,
Casimir


Kazimia, 19 Mei 1957

Kwa Bwana Mwalimu Casimir, Baraka.

Nimesoma barua yako nimesimama, mwiko mkononi, mpaka bugali ukaungua. Hata bugali wangu umeniharibia.

Tulikosa? Unaumwa miguu ama unaumwa akili? Mama yetu alipokufa nilikuja kwa miguu kutoka huku, mtoto mgongoni. Wewe ukasimama mlangoni, na viatu vyako vya kung'aa, ukasema, "Mtu asiye na yaya hana mama hapa." Kilio cha mama yangu nilikililia barabarani, kando ya shamba la muhogo la watu nisiowajua. Mwanamke mmoja alikuja kunipa maji, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijui. Hilo padri wako alikuuliza?

Nasoro yuko hapa karibu, anasokota kamba ya ndoana. Anataka niandike maneno yake namna anavyoyasema. Haya:

"Shemeji, mi Nasoro. Ile siku ya arusi mi nilikuwa kijana, nguvu iko. Bale kuhe bawili nilibaangalia tangu banafagia muchanga ya kiota mpaka batoto bao banakomaa. Sikubagusa. Kuhe akichunga batoto hakuli kitu. Anakonda, anapigana na kila kenye kinapita. Batoto bakisha kuenda zabo, njo unashusha ndoana. Na unatanguliza dume. Sababu ukitanguliza jike, dume anabaki pale pale, anazunguka, anazunguka, na we hauna tena moyo ya kumuvua. Mi nilikuletea samaki muzima na kichwa yake. We ukaniita mutu asiye na heshima. Sasa we mugonjwa, pole sana. Lakini kukuomba radhi? Afazali niombe radhi kwa kuhe."

Ni hayo. Yeye anasema akicheka. Mimi sicheki.

Na kwa sababu hukuonja, nitakuambia nilivyopika. Kuhe anayemaliza kulea hana mafuta, nyama yake ni kavu, kwa hiyo nilimimina mawese bila huruma. Nikakaanga kitunguu na zile nyanya chungu, nikatia pilipili nzima bila kuipasua. Jike nikamlaza chini, dume juu, nikafunika na jani la mgomba. Vichwa vyote viwili vilikuwamo. Kisha maji yakapungua, nikachukua ndoo kwenda ziwani. Niliporudi chungu kilikuwa kimefunikwa vizuri kama nilivyokiacha, nami sikukifunua. Kilichotokea jikoni nilipokuwa ziwani nilikijua siku ileile, na nitazikwa nacho. Si Nasoro. Si mimi. Usiniulize zaidi.

Siji.

Florentine


Baraka, 2 Juni 1957

Florentine,

Nitakuuliza.

Anayemjua mwizi na kunyamaza amemshikia mwizi mlango. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi hivyo, na aliyenyamaza nilimchapa pamoja na aliyeiba. Unaniandikia kwamba si Nasoro na si wewe, halafu unafunga mdomo kama mtu aliyemaliza hesabu. Jikoni mwangu siku ile hapakuwa na jeshi la watu. Ulikuwamo wewe, na mke wangu Suzanne aliingia na kutoka, na mimba yake kubwa. Paka sikuwahi kufuga. Basi taja jina. Unaogopa nini? Mimi ninakufa, sina tena mkono wa kumchapa mtu.

Habari ya mama nimeisoma. Nilisema maneno hayo. Viatu pia nilikuwa navyo.

Mwambie Nasoro kwamba Kiswahili chake bado kinachechemea kama zamani, wala pole yake sikumwomba. Lakini pale aliposema dume hubaki akizunguka, nimeparudia mara nyingi.

Taja jina.

Casimir


Kazimia, 9 Juni 1957

Bwana Mwalimu,

Unataka jina? Chukua jina langu. Andika: Florentine alikula kichwa. Alikula peke yake, kwa ulafi, akapangusa mdomo, akaketi mbele ya wazee kama mtakatifu. Mpelekee padri karatasi hii akupake mafuta yake, ufe vizuri, tupumzike wote.

Ni kweli ama ni uongo? Chagua mwenyewe, wewe ndiye mwalimu.

Lakini Suzanne usimtaje tena. Unanisikia? Suzanne ni marehemu, na alikuwa mtu kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Ukilitia jina lake tena katika mambo haya, nitakuja Baraka kukupiga, na huo uvimbe wako sitauhurumia.

Nasoro ananiambia, "Mama Asha, punguza moto." Nimemwambia azime wa kwake.

Florentine


Baraka, 16 Juni 1957

Mdogo wangu Florentine,

Nilitaka kuona kama utamtaja. Hukumtaja. Ulikubali kujipaka matope mwenyewe kuliko kumtaja. Nimekaa na barua yako kifuani muda mrefu, na sasa nitaandika lile nililopaswa kuandika katika barua ya kwanza, kama ningekuwa mtu wa kweli.

Huna siri. Ninajua.

Suzanne aliniambia mwaka 1953, siku zake za mwisho, katika kitanda hikihiki nilicholala. Alisema harufu ya mawese ilimshika, tamaa ya mimba isiyo na sheria wala aibu. Alifunua chungu ili aonje mchuzi tu. Alipopata fahamu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na kichwa cha dume kimekwisha, hata macho. Alifikiri atakuambia ukirudi, mtatafuta la kufanya. Lakini wazee walikuwa wameingia, na mimi nikaita chungu.

Alisema alikuangukia miguuni siku ileile, ukaapa. Halafu mtoto akazaliwa bila pumzi. Mpaka anakufa aliamini kwamba kichwa kile ndicho kilichomuua mtoto wetu. Nami miaka yote hiyo nilifikiri analia tu kama wanawake wanavyolia.

Hakuniambia ili nijue tu. Alisema, "Mwite Florentine. Mwambie mbele ya watu." Nikamwitikia ndiyo. Akafa akiamini ndiyo yangu.

Sikukuita.

Sitatafuta maneno mazuri. Nilikasirika. Nilimkasirikia Suzanne, lakini mtu hawezi kugombana na maiti akashinda. Hasira ikakosa pa kwenda, ikarudi kwako, ilikokuwa imezoea kulala. Tena kukuita kulikuwa ni kusimama mbele ya Baraka nzima na kusema kwamba mimi, niliyechapa watoto wa watu kwa sababu ya uongo, nilimfukuza dada yangu bure na kumnyima kilio cha mama yake. Nikaona heri nife nikiwa na haki. Ndiyo maana nilikuandikia uje useme "Tulikosa." Nilitaka hata uongo huo unisindikize.

Na bado nimekukasirikia, hili nalo nakiri. Ulikuwa na neno moja mdomoni, ukalimeza. Ungelisema, ningekuwa na dada maisha yangu yote. Ulimpenda Suzanne kuliko mimi? Naandika maungamo na yanatoka kama ugomvi. Sijui namna nyingine.

Padri nimekwisha kumwambia yote. Amenipaka mafuta. Kwa hiyo sikuandikii tena kwa ajili ya kichupa.

Naomba hivi. Nasoro avue kuhe wawili, wa kiota kimoja. Uwapike jikoni mwangu. Nile kichwa cha dume mbele ya mzee yeyote aliyebaki, kabla sijafa. Nisipokila, nitazikwa kama mtu asiye na dada, na wewe utabaki mwanamke asiye na yaya, na uongo ule utakuwa umetuzika wote wawili.

Mkikataa, sina la kusema.

Casimir


Kazimia, 24 Juni 1957

Ulijua.

Nimelitazama neno hilo mpaka karatasi ikalowa. Ulijua tangu 1953!

Asha wangu aliolewa 1955, kwa mtu wa Lulimba. Mkwe akaleta kuhe wake wawili, wazuri. Kichwa cha jike nikapewa mimi. Na kwa kuwa ndugu zake Asha wote ni wadogo wake, kichwa cha dume kilikuwa cha mjomba. Tuliweka kiti cha mjomba. Kiti kikabaki kitupu, kichwa kikapoa kwenye sahani, watu wakawa wanakula wakiangalia pembeni. Asha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kwani tulimfanya nini?" Nikamwambia mjomba wako ana uchungu, kuna jambo halielewi. Nilikutetea! Na wewe ulikuwa hapo Baraka, umelielewa lote, umekaa juu yake kama kuku juu ya yai bovu.

Yale ya zamani nilikuwa nimekwisha kuyazoea, kama mtu anavyozoea kidole kilichokatika. Haya ya kiti ni mapya. Haya ni yako peke yako, usimtwike Suzanne.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu nilikujua. Casimir wa siku zile, na fimbo yake na kola yake ngumu, angemrudisha Suzanne kwao na mimba yake, mbele ya wazee walewale, kabla mchuzi haujapoa. Nikapima. Mimi nikipoteza yaya, nina Nasoro. Yeye akipoteza bwana, hana mtu. Halafu mtoto akafa. Ulitaka nimjie mwanamke anayekamua maziwa ardhini, nimwambie sasa twende tukaseme habari ya samaki?

Hapana, sikumpenda kuliko wewe. Nilikuogopa wewe kuliko yeye. Weka hilo nalo katika maungamo yako.

Nasoro ameingia ziwani. Sikumtuma. Nilimwambia, "Mwache afe na njaa yake." Akanijibu, "Mama Asha, kelele yako naisikia yote. Lakini kuhe iko pale kwenye mawe, na batoto bamekwisha kuenda." Upepo wa kusi unapiga tangu asubuhi na yeye si kijana tena. Akizama kwa sababu ya kichwa chako, nitakufufua ili nikuue.

Tutakuja. Sisemi nimekusamehe. Nakuja kukuona unakula. Na chungu hicho nitakilinda mwenyewe, hakuna kiumbe atakayekisogelea.

Usife kabla sijafika. Ukithubutu, nitakukasirikia mpaka kaburini na hutalala.

Florentine


Baraka, 8 Julai 1957

Kwa Asha, Lulimba.

Mwanangu, mjomba wako amekufa. Tumemzika jana. Usilie kabla ya kumaliza kusoma, kwa maana mimi bado nimekasirika na nataka unisaidie kukasirika kwanza.

Baba yako alivua dume kwanza, kama anavyosema siku zote, na kamba ikamkata kiganja. Jike akafuata bila kusumbua. Nikawapitisha kwenye moshi ili wafike Baraka salama, wazima na vichwa vyao, na ndani ya mashua niliwapakata kama watoto.

Jiko la mjomba wako ni lilelile, na mlango ni uleule. Nikapika namna nilivyopika zamani. Katikati ya kupika, maji yakapungua. Nikashika ndoo. Nikasimama nayo, Asha, miguu ikakataa. Baba yako akaninyang'anya ndoo, akaenda yeye kuchota. Wanawake wa ufuoni wakamcheka, "Muzee Nasoro, leo umekuwa bibi arusi?" Akawajibu, "Ndiyo, bamama. Leo njo mi ninaolewa."

Mjomba wako tulimtoa nje na kiti chake. Alikuwa amebaki macho na mifupa, na miguu kama ya mtu mwingine. Mzee wa siku ile aliyebaki hai ni mmoja tu, Placide, katekista, naye sasa haoni vizuri. Nikafunua chungu kwa mkono wangu. Vichwa viwili. Mjomba wako akatazama mpaka nikafikiri amelala. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya darasani:

"Placide, sikia, ukawaambie wengine. Siku ile Nasoro alileta samaki mzima. Kichwa kililiwa ndani ya nyumba yangu. Aliyekosa ni mwenye nyumba."

Placide akauliza, "Nani alikila, Mwalimu?"

"Nimesema mwenye nyumba. Unataka nini zaidi?"

Hakumtaja aliyekila. Siku moja nitakuambia ni nani, lakini si kwa barua. Mjomba wako akanitazama, nami nikamtazama. Hapo ndipo moyo wangu ulilegea, kidogo tu.

Nikamtolea mifupa, akaanza na shavu la samaki. Akatafuna polepole. Unajua alisema nini?

"Florentine, chumvi haitoshi."

Asha! Nilikuwa na mwiko mkononi, Mungu ndiye aliyeuzuia. Nikamwambia, "Ulikuwa na maisha mazima ya kuja kuonja, na leo njo unaona chumvi?" Baba yako akacheka mpaka akakohoa. Mjomba wako akamgeukia.

"Shemeji, ni hivi kila siku?"

"Kila siku, shemeji. Ulinipa huyu bila kuniambia."

"Sikukupa. Ulimchukua."

"Basi nipe sasa."

Mjomba wako akapangusa vidole kwenye shuka, akanyoosha mkono kuelekea kwangu. "Chukua," akasema.

Akaendelea kula. Alikimaliza kichwa chote. Alipofika kwenye macho akaniinamia, akasema kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu, "Sasa naelewa kwa nini alishindwa kuacha."

Kilibaki kichwa cha jike, kilicho cha mama. Hatukujua tukipeleke wapi. Akakisukuma mbele yangu. "Kula wewe. Nilikunyima kilio chake." Nilikula kwa hasira, nikavunja kila mfupa mpaka nikamaliza.

Alikufa kesho yake mchana, tukigombana juu ya mto wa kichwa. Alitaka uinuliwe, nikauinua, akasema umezidi. Nikamwambia, "Yaya, amua moja." Nilingoja anijibu, mpaka baba yako akanishika bega.

Ndugu zako walifika na kuchimba kaburi, kama wapwa wanavyopaswa. Njoo na bwana wako kwenye matanga. Ukifika ingia kwa mlango wa mbele, usizunguke nyuma.

Kabla ya kushusha maiti, Placide aliuliza mbele ya watu, kama desturi, mwenye maiti ni nani. Watu wakatazama chini. Wote wanaijua habari yangu, na wengi wao waliniona nikifukuzwa mlangoni siku ya mama. Nikasimama. Nikasema kwa sauti, mpaka walio ufuoni wakasikia:

"Ni mimi. Huyu ni yaya wangu."

Kisha nikaketi, na hasira yangu nikaketi nayo.

Mama yako,
Florentine